Unga Ndani ya Kontroli Boksi

Mzee Breki aliitwa mwizi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mbele ya watu kumi na mmoja, mikate ikiwa bado ya moto. Jina la Breki alipewa na wenzake wa kiwanda cha mikate, kwa sababu hata kuku akikohoa kando ya barabara, yeye anafunga breki. Miaka kumi na tisa ameendesha pikapu ileile na hajaangusha hata kreti moja. Sasa mwambie mtu wa namna hiyo kwamba anaiba mafuta, uone moto wake.

Bosi alimwambia. Alisimama kwenye meza ya kupakia, mikono kiunoni, mama wa watu mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya mto. "Zamani tangi likijazwa Jumatatu linafika Jumamosi. Siku hizi Jumatano limekauka. Mzee, mafuta yangu unamuuzia nani?"

Wenzake wakainamia kreti zao. Mmoja akaanza kufuta meza iliyokwisha kufutwa.

"Bosi, gari ni bovu," akasema Mzee Breki. "Nimesema tangu mvua zilipoanza. Linatoa moshi mweusi, linazima lenyewe njiani, taa ya injini haizimiki."

"Fundi wangu amebadilisha plagi, pampu na chujio. Gari ni zima. Mbovu ni dereva."

Hee! Mbovu ni dereva! Mtu ana wajukuu wanne, anaambiwa hivyo mbele ya vijana aliowafundisha kufunga turubai! Mzee Breki angeweza kutukana, na matusi anayo, lakini aliomba kitu kimoja tu: apewe gari Jumapili, binti yake alifungue. Bosi akakubali. Ila akasema wasipoona ubovu wowote, Jumatatu asikanyage pale.

Nyumbani hakula. Aligombana na mkewe kwa sababu ya chumvi, akagombana na redio kwa sababu ya habari, akaenda kulala na shati la kazi.

Binti yake ni fundi umeme wa magari, ana gereji yake ya mabati nyuma ya stoo ya mbao, na ulimi wake hata baba yake anauogopa. Jumapili asubuhi alifungua kompyuta yake ya mkononi, akachomeka waya chini ya usukani.

"Baba, shika tochi na ufunge mdomo."

"Unamwambia baba yako afunge mdomo?"

"Namwambia msaidizi wangu."

Waliwasha injini, wakaiacha ingurume mpaka boneti haishikiki kwa joto. Binti akatazama kioo cha kompyuta, akasonya. Akapima kwa mita kitambuzi cha joto, kizima. Akapima waya wake, mzima. "Umeona? Injini inachemka, lakini ubongo wake unasema ni baridi kama asubuhi ya kipupwe. Kwa hiyo unaimiminia mafuta kila dakika, kama vile ndiyo kwanza inaamka. Mwizi tumempata. Ni kontroli boksi, huo ubongo wenyewe."

"Nilisema!" Mzee Breki akapiga paja. "Nilisema mimi!"

"Ulisema gari ni bovu. Hata mtoto wa chekechea angesema. Shika tochi."

Akang'oa waya wa betri, akafunua zulia upande wa abiria, pale miguu inapokaa, akatoa boksi la bati lenye ukubwa wa kitabu. Akafungua skrubu nne. Ndani, mahali palipotakiwa kuwa na vijidude vinavyong'aa, palikuwa na kitu cha kijivu, kimekauka na kupasuka, na pembeni shaba imeota kutu ya kijani. Binti akakwangua kwa kucha.

"Hii ni nini?"

Mzee Breki akainusa. Miaka kumi na tisa anaijua harufu ile, uchachu wa hamira. "Unga," akasema polepole. "Unga uliokandwa."

"Unga kuingia naelewa, mnabeba mikate. Maji je? Nani anaosha gari hili ndani kwa mpira?"

Mzee Breki akashusha tochi. "Mimi."

"Baba!"

"Kila jioni. Ni amri. Bosi kabandika karatasi ukutani, dereva aoshe ndani kwa maji, chembe ya unga isionekane. Mwaka mzima naosha, na kesho yake wanapakia tena kreti kwenye kiti cha mbele, unga unamwagika tena." Akasimama. Ilimpanda kutoka kwenye nyayo. "Yaani nimeliua gari kwa mikono yangu, kwa amri yake, halafu mwizi ni mimi!" Akalipiga tairi teke. Tairi halikuumia. Yeye alichechemea siku mbili.

Boksi jingine walilitafuta kwa wauza vipuri vilivyotumika, ambao hata Jumapili hawafungi. Muuzaji wa kwanza alileta linalofanana kila kitu, ila herufi ya mwisho kwenye kibandiko ilikuwa nyingine. "Soketi za waya zinaingia zote, dada, chukua."

"Hili kampe mkweo," akasema binti, akalirudisha mezani. Walizunguka vibanda vitano mpaka wakapata lenye namba ileile, herufi kwa herufi. Ikabaki kuufundisha ubongo mpya kuutambua ufunguo wa zamani, maana usipoutambua, gari haliwaki ng'o. Binti akahangaika na kompyuta yake karibu saa nzima. Mwisho akalifunga boksi juu, nyuma ya dashibodi, maji yasikofika, akasema, "Washa."

Pikapu ikawaka. Moshi mweusi haukutoka. Mzee Breki akakaa nyuma ya usukani, akiisikiliza.

Jumatatu mhasibu wa kiwanda alijaza tangi mwenyewe, akabandika karatasi yenye sahihi yake juu ya kifuniko. Jumamosi jioni karatasi ilikuwa haijaguswa, na mshale wa mafuta ulikuwa bado juu ya robo.

Bosi akamwita ofisini. Mzee Breki akaweka boksi lililokufa juu ya meza, wazi, na unga wake. Akaeleza yote, mpaka karatasi ya ukutani. Bosi akaugusa unga kwa ncha ya kidole, akajifuta.

"Basi, Mzee, yaishe. Endelea na kazi, tusahau."

"Uliniitia wapi mwizi?"

"Mzee..."

"Nauliza, wapi?"

"Pale mezani."

"Basi nisafishie jina palepale."

Jumatatu iliyofuata, saa kumi na mbili na nusu, wote kumi na mmoja wakiwepo, Bosi akakohoa. "Gari lilikuwa na hitilafu ya kiufundi..."

"Mimi sikuitwa hitilafu," Mzee Breki akamkata.

Na kusema kweli, safari hii Bosi alijikaza. "Nilimwita mwizi. Si mwizi. Gari limeharibika kwa amri yangu mimi. Mzee wangu, nisamehe."

Alichokitaka ndicho hicho. Mzee Breki akangoja kifua kifunguke. Kabla hakijafunguka, fundi wa tanuri, rafiki yake anayekunywa naye chai ya chupa moja kila alfajiri, akampiga begani akicheka. "Umeona, ndugu yangu? Mbona sisi wote tulijua si wewe!"

"Tulijua, Mzee, tulijua," wengine wakaitikia kwa furaha.

"Mlijua tangu lini?"

"Aa, tangu siku ileile! Nani asiyekujua wewe?"

Mzee Breki akawatazama mmoja mmoja. Akapakia kreti zake peke yake, aliyekuja kumsaidia akamwondoa mkono. Akaendesha mpaka kwenye gereji ya mabati, akasimama bila kuzima injini. Binti akatoka akifuta grisi, akaisikiliza kidogo.

"Inakwenda vizuri. Amesema?"

"Amesema."

"Mbele ya wote?"

"Mbele ya wote."

"Sasa mbona unalia, baba?"

"Walijua," akasema, ameushika usukani kwa mikono miwili. "Mwanangu, walijua wote, wakainamia kreti."