Kikombe cha Mgonjwa

Kwetu Kariakoo, ghorofa ya pili juu ya duka la vitambaa la baba, aliyepata mafua alitengewa kikombe. Kilikuwa cha bati, cheupe, ukingo wa buluu umebanduka, na mtu mwingine hakuruhusiwa kukigusa. Dada yangu, anayenizidi miaka miwili, alipolala na homa nilibaki peke yangu na kelele za machinga huko chini. Sikuvumilia. Mama alipogeuka tu nilikunywa chai ya dada ya tangawizi, kwa haraka, na baada ya siku mbili nikawa kitandani kando yake, natetemeka, nina furaha isiyo kifani. Mama alilaumu feni.

Leo nafundisha baiolojia, na kila mwaka nawaambia wanafunzi kwamba feni wanaionea. Kirusi cha mafua hakili, hakipumui, hakikui. Ni maelekezo machache tu yaliyofungwa ndani ya ganda, na hayawezi kitu mpaka yaingie kwenye seli hai ya pua au koo. Humo seli yenyewe ndiyo inayolazimishwa kutengeneza virusi vingine, kwa pupa, na makosa ya kunakili hayasahihishwi. Ndiyo maana mafua ya mwaka huu huja na sura ambayo kinga ya mwili haiifahamu vizuri. Ila mafua ya kwanza ya utotoni, hayo mwili huyakumbuka kuliko yote. Nikifika hapo hugeukia ubao, kwa sababu mafua yangu ya kwanza nilipewa na dada.

Dada aliolewa Maskati. Miaka minne hatujamwona. Mwaka huu alikata tiketi aje Idi, na mama, ambaye siku hizi kifua kinambana hata kwa ngazi chache, alisugua nyumba wiki nzima. Siku moja kabla ya safari dada akanipigia.

"Mafua tu, mdogo wangu. Homa imeanza jana, viungo vinauma. Nitavaa barakoa. Nije, nisije?"

Angefuata jibu lolote, maana mwalimu ni mimi. Nilijua siku hizo za mwanzo ndizo mtu huambukiza zaidi. Nilijua mafua hayo yanaweza kumwondoa mama. Nilijua pia likizo nyingine ni mpaka mwakani.

"Usije," nikasema. Akalia kana kwamba nilipenda kumkataza, nami nikamkasirikia.

Mama alikuwa amesikia. Aliingia jikoni akarudi na kile kikombe, ambacho nilidhani kilishatupwa zamani.

"Ni feni tu hiyo," alisema. "Angekuja. Ningemtengea."

Akakiweka mezani, akaenda kuswali. Nilichemsha chai ya tangawizi, nikaimimina humo, nikanywa palepale ukingo ulipobanduka. Najua fika kirusi hakikai kwenye bati miaka yote hiyo. Nilikunywa mpaka chini.

Kesho yake niliamka mzima wa afya, nikalia.