Jina Nililolipiga Msasa

Siku yangu ya kwanza kazini, mtaa wa Hockley, sikupewa randa wala nyundo. Nilipewa tochi. Msimamizi wetu, Singasinga wa Nairobi aliyetangulia Uingereza miaka mingi kabla yangu, alilaza kabati la kale chali sakafuni, akachomoa droo zote, akaniambia niingize kichwa.

"Soma," akasema.

"Nisome nini, Bwana Msimamizi? Hapa ni mbao tupu."

"Basi bado hujajua kusoma, fundi. Endelea tu."

Nilikasirika. Nilikuwa nimetoka Mombasa na miaka minane ya useremala mikononi, na hapa nafundishwa kutazama mbao. Lakini mgeni ni kuku mweupe, nikaendelea kumulika.

Hiyo ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sitini. Karakana yetu ilikarabati samani za enzi ya Malkia Viktoria, na wenye mali walitaka kujua nani alizitengeneza. Makampuni makubwa ya zamani yalipiga mhuri wao kwenye ukingo wa droo, kwa hiyo hayo hayakutusumbua. Lakini mafundi wenyewe, walioinama juu ya benchi tangu asubuhi, hawakuandikwa na mtu. Tuliwatafuta kwa vitu vidogo: maandishi ya penseli nyuma ya kioo, au namna mtu alivyokata meno yanayoumana kwenye pembe za droo. Tena kisu cha randa kikiwa na pengo, kila kinapopita huacha uzi mwembamba ulioinuka juu ya mbao, na uzi huo ni wa randa ile peke yake. Msimamizi aliutafuta kwa ukucha, macho kayafumba. Kanuni yake ilikuwa moja: kusoma kwanza, msasa baadaye.

Miaka ya sabini ilipoanza nikapewa benchi langu. Siku moja nikaletewa kabati dogo la bibi mmoja mjane wa Aston, niirekebishe droo iliyokuwa inakwama. Msimamizi alikuwa amekwenda Harborne kukagua mali ya mteja. Niliigeuza droo, nikaona chini yake peusi kwa vumbi la miaka. Sasa, mwalimu wangu wa Mombasa alinifundisha kwamba fundi hujulikana kwa upande usioonekana. Wateja wetu kule walipitisha kiganja chini ya meza kabla ya kuinunua. Nikaona hawa Wazungu nitawaonyesha kazi. Nikachukua msasa.

Niliona ukijivu fulani, nikadhani ni uchafu uliogoma. Nikakaza mkono. Nilipotambua kuwa ni penseli, kulikuwa kumebaki mkia wa herufi ya mwisho, nao sikuweza kuusoma. Nilikaa chini. Majuto ni mjukuu, lakini yangu hayakungoja kuzaliwa.

Msimamizi aliporudi aliishika droo, akaigeuza kwenye mwanga.

"Umesafisha vizuri sana," akasema. "Vizuri kabisa." Akaenda zake. Afadhali angenitukana.

Baadaye nikaambiwa yule bibi alisema nini ofisini siku alipolileta kabati. Babu yake ndiye aliyelitengeneza kabati. Hawakuwa na picha yake, wala kaburi lenye jiwe. Mama yake alimwambia kuwa mzee aliandika jina lake humo, naye alitaka kuliona kwa macho yake kabla hajafa.

Alipokuja nilimweleza mwenyewe. Alinisikiliza akiwa amesimama na mkoba wake mkononi.

"Jina lake ninalijua," akasema mwishowe. "Nikutajie, uliandike palepale. Nani atajua?"

Nilimtazama Msimamizi. Hakunisaidia. Nami nilitamani sana kuandika, maana aibu ilikuwa inanila na penseli ilikuwa sikioni.

"Mama, nikiandika mimi, mkono utakuwa wangu," nikamwambia. "Utakuwa unautazama mkono wa mtu mwingine."

Nikaligeuza kabati. Ubao wa nyuma sikuwa nimeugusa. Nikashika kidole chake, nikakipitisha polepole mpaka kikakutana na ule uzi mwembamba, kisha wa pili, kisha wa tatu.

"Randa yake ilikuwa na pengo," nikasema. "Hapa ndipo alipopita."

Alipapasa muda mrefu. Kisha akasema, "Basi chini ya droo andika ukweli."

Niliandika kwa penseli: Hapa palikuwa na jina la fundi. Nimelifuta mimi kwa kiburi changu. Nikatia jina langu. Hakuniambia kama amenisamehe, nami sikuuliza.

Nilifanya kazi ile mpaka nilipostaafu, na wapo mafundi waliosahauliwa ambao leo wanatajwa kwa sababu mimi na Msimamizi tulilala chali na tochi. Nyinyi mafundi vijana mna mashine za kuona ndani ya mbao. Tumieni, lakini msianze na msasa.

Juzi mjukuu wangu, anayesikia Kiswahili na kujibu Kiingereza, aliniuliza, "Babu, where did you sign yours?"

Nikafikiria viti vyote, meza zote, huku na Mombasa. Hakuna hata kimoja nilichotia jina langu.

"Chini ya droo moja tu," nikamwambia, "na haikuwa yangu."