Tebo ya Saba

Ilikuwa miaka ya ruksa. Madukani Newala vitu vilikuwa vimerudi, mitumba mpaka redio kaseti, na mimi, mwalimu kijana wa kike kutoka Masasi, nikajipa ruksa yangu darasani: mtoto asiyeshika kwa kukariri ubaoni, ashike kwa kuchora, kwa kucheza, kwa kuimba. Mwalimu mkuu alinicheka. "Haya, mwalimu wa ngoma!"

Darasa la nne kulikuwa na binti mmoja, tebo ya saba, ile ya kuzidisha, imemshinda kabisa. Baba yake alishasema akifeli tena basi, atabaki shambani kuokota korosho. Lakini ngoma ikilia mahali, huyo mtoto mabega hayatulii. Nikasema, dawa yake wimbo.

Wimbo niliupata mwenyewe wakati wa likizo, nikipita nyuma ya nyumba moja. Wanawake walikuwa wanaimba ndani, utamu wake, wee! Kimakonde sikijui, nikachukua mahadhi tu, nikapachika saba mara moja, saba mara mbili. Wasichana wakubwa walikataa kuimba, wakainamisha macho. Nikawaita wavivu. Yule binti aliimba, na haikupita muda akaijua tebo yote. Jamani, nilivyoringa!

Siku ya wazazi nikamsimamisha mbele, peke yake. Hajafika mbali, wanaume wote wakawa wanatazama chini. Mama mmoja alijifunika uso kwa khanga. Bibi wa yule binti akainuka, akamziba mdomo kwa kiganja, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, wewe hukuchezwa unyago?"

Nilichezwa, lakini wa kanisani, kule Masasi, na nyimbo zetu hata kasisi anazijua. Ule wimbo ulikuwa wa unyago wa ndani, wa kumfunda mwali, hausikiwi na mwanamume, wala hauimbwi na mtoto ambaye hajachezwa. Niliona aibu sana. Jioni nilikwenda kwa bibi, nikapiga magoti, "Shikamoo bibi." Akaitikia marahaba, akanisamehe pale pale. Binti hakutoka chumbani.

Mtihani wa darasa la nne nilisimamia mimi. Alipofika hesabu za saba, vidole vyake vikaanza kugonga dawati, vile vile nilivyomfundisha. Akainua macho, akaniona, akaukalia mkono. Nilitamani kumwambia gonga, mwanangu, gonga tu. Karatasi yake niliikusanya, hesabu zile zote tupu.

Msimu wa korosho nilimkuta shambani kwa baba yake, ameinama anaokota. "Shikamoo mwalimu," akasema. Niliitikia nikiwa natazama chini.