Mwalimu wa Udereva na Koo Lake

Mwalimu wa udereva alikuwa mtu wa kelele. Akisema "Shika kulia, mama!" hata walio ng'ambo ya barabara walishtuka. Sauti ilipoanza kukwaruza, wanafunzi walimtania kwamba hatimaye wamemchosha, naye akasingizia vumbi la barabarani. Muuza dawa alimpa pipi za koo, kisha dawa ya maji, kisha pipi zilezile tena. Miezi ikayoyoma. Mkewe ndiye aliyegusa uvimbe mgumu chini ya taya, usiouma hata kidogo.

"Baba watoto, na huu nao ni vumbi?"

Hospitalini walikata kipande kidogo cha uvimbe, wakakipima. Ilikuwa saratani ya koo.

"Mbona umechelewa hivi?" daktari akauliza.

"Sijachelewa!" alifoka kwa sauti ya kukwama. "Nimelalamika kwa kila mtu. Hakuna aliyenitazama kooni."

Zikafuata wiki za mionzi, kichwa kimebanwa mezani kwa kinyago cha plastiki ili kisitikisike, asiweze hata kujikuna pua. Mdomo ulichubuka, mate yakakauka, uji ukawa kama mchanga. Majirani walimwambia ashukuru tu kwamba yu hai. Alitamani kuwatimua, ila sauti hakuwa nayo.

Uvimbe uliisha, sauti ikarudi nusu. Siku ya kwanza aliporudi kazini, mwanafunzi alielekeza gari ukutani. Mwalimu alifungua kinywa, ikatoka pumzi tupu. Akakanyaga breki ya upande wake kwa nguvu zote.

"Jamani, mwalimu, si ungesema!"

"Nimesema," alinong'ona, akiipiga dashibodi ngumi. "Haya, washa gari. Na sasa utazame mkono wangu."