Mndimu wa Chunguni Unaongoja Shimo la Baba

Jua limeshatoka, na mlangoni kwa Zainabo Ibraimo wanawake watatu wamekwisha kaa mkekani, kila mmoja na mti wake mapajani.

“Mwenzangu, huu umeumwagilia au umeuzamisha?” Zainabo anamuuliza wa kwanza, aliyekuja na mpera uliooteshwa ndani ya debe la mafuta.

Analichomoa donge la udongo taratibu, anamwonyesha mizizi iliyojisokota, kisha anaikata kwa kisu kidogo bila kuionea huruma. Mwenye mpera anafumba macho kama ndiye anayekatwa. Mti wenyewe hauvuki goti, lakini shina lake limekomaa, matawi yametanda, na chini ya majani yananing'inia mapera mawili. Ni mti mzima uliokatazwa kurefuka.

Hiki ni kijiji cha uzio, kaskazini ya Palma, ambako Wareno waliwakusanya watu wa vitongoji vya pwani ili wasiwape chakula wapiganaji wa msituni. Siku chache zimepita tangu Idi ya mwaka huu wa 1974. Bunduki zimenyamaza, lango liko wazi, na askari aliyekuwa akihesabu watu jioni haonekani tena. Watu wanafunga mizigo warudi kwao.

Zainabo naye anafunga. Ila mzigo wake mkubwa una majani.

Ana miaka thelathini na minne, na kazi yake ya mshahara ni kumwagilia miche kwenye kitalu cha matunda kilicho njia ya Palma, kile ambacho kila mtu hapa anakiita viveiro. Mshahara huo ukishanunua chumvi, sabuni na mafuta ya taa, umekwisha. Kazi ya miti midogo haimlipi kitu, na hiyo ndiyo anayojulikana kwayo kijiji kizima.

Ili kuielewa, inabidi kujua desturi ya watu wa Quionga, alikotoka. Mtoto akizaliwa, baba huchimba shimo, kitovu kikidondoka huzikwa humo, na juu yake hupandwa mnazi. Mnazi ule ni wa mtoto. Akiulizwa kwao ni wapi, hataji jina la mji, anaonyesha mti.

Zainabo alihamishwa kutoka Quionga akiwa na mimba. Mumewe, Cassamo, alikuwa ameshaingia msituni na wapiganaji.

“Usiku wa kuondoka aliniambia, ‘Mama watoto, mpandie mwanangu mti nitakaouona nikirudi,’” anasimulia. “Sasa nimpandie wapi? Ndani ya uzio ardhi si yako. Leo wanakuweka hapa, kesho wanakupakia lori.”

Binti yao, Mariamo, alizaliwa mwaka 1967. Watoto wengine wa uzioni vitovu vyao vilizikwa nyuma ya vibanda, bila mti, kwa haya. Zainabo alikataa. Alichukua chungu chake cha kupikia wali, akakitoboa kitako, akajaza udongo, akazika kitovu cha bintiye, na juu yake akaweka nazi iliyoanza kuchipua.

Majirani walicheka hadi wakashika mbavu. Mnazi chunguni! Lakini Zainabo ni mtu wa kutia pamba masikioni akitaka lake.

Mnazi nao ulikuwa na lake. Ulipofikisha mwaka ulikuwa umemzidi mtoto kimo, na chungu kimeanza kupasuka. Akaona dawa ni kuupunguza. Akachukua panga, akaukata kilele.

Mtu yeyote wa pwani anajua kwamba mnazi una moyo mmoja tu, na uko juu. Hata Zainabo alijua. “Nilijua, lakini nilikuwa nimeshikwa na tamaa ya kuuona mdogo,” anasema. Makuti yalinyauka, shina likaoza. Na wiki ileile Mariamo akashikwa na homa kali.

Anaposimulia hapa sauti yake inashuka. “Watu walinong'ona kwamba nimemkata mwanangu mwenyewe. Mimi niliamini. Nilikaa nimempakata, nikaona panga lile mbele ya macho yangu tu. Woga kama ule sijauona tena, hata mabomu yalipoanguka.”

Homa ilishuka. Asubuhi aliyoamka mtoto akiomba uji, mama alikwenda kazini moja kwa moja kwa Bernardino, msimamizi wa kitalu, Mmakonde Mkristo kutoka nyanda za juu. Akamweleza yote.

Bernardino, ambaye mpaka leo humtembelea, anacheka akikumbuka. “Nikamwambia, dada yangu, umemfunga ng'ombe kwenye kamba ya kuku. Mnazi ukiukata kichwa umeuua. Mndimu ukiukata kichwa, umeuambia utoe matawi. Chukua mndimu.”

Kando ya kitalu palikuwa na miche iliyotengwa, ile iliyopinda ambayo hakuna mwenye shamba angeinunua. Bernardino alimuuzia mmoja kwa escudo moja. “Angeweza kunipa bure,” anasema Zainabo, “lakini nilitaka niulipie. Mti wa mwanangu usije ukaitwa wa wizi.”

Alihamishia udongo wote wa chungu cha kwanza kwenye chungu kipya, mpana na kifupi, asidondoshe hata punje. Kitovu kilikuwa humo.

Bernardino alimfundisha kukata mizizi kabla ya mvua, na kufinya machipukizi kwa kucha yangali laini. Mengine aliyagundua mwenyewe. Matawi yaliyokimbilia juu aliyafunga kwa kamba za usumba wa nazi, akayaning'inizia vijiwe mpaka yakazoea kulala. Ule mpindo uliofanya mche ukataliwe ndio uliougeuza kuwa mti mzuri. Shina limepinda kama mtu anayegeuka kumwangalia aliyemwita.

Kisha ukaja mwaka 1970, na malori. Kijiji kizima kilihamishwa tena, na amri ilikuwa moja: mikeka, jembe na vyombo vya kupikia, basi. Askari mmoja alimwona Zainabo na mti kichwani, akanyoosha kidole autupe.

“Nikamwambia, ‘É panela, patrão!’ Hiki ni chungu, bwana!” Zainabo anapiga makofi kwa kicheko. “Na kweli kilikuwa chungu. Vyungu si vimeruhusiwa? Akakitazama, akanitazama, akasema nimerukwa na akili. Nikapanda lori na wazimu wangu.”

Kwenye kijiji kipya, hiki cha leo, mndimu ulichanua. Ndimu za kwanza zilikuwa ndogo, ngozi nyembamba, na kali kweli. Wanawake waliocheka mnazi walikuja kuomba za kukamulia samaki. Baada ya ndimu wakaomba kufundishwa. Leo safu nzima ya vibanda ina milimau, mipera na michungwa ndani ya vyungu, makopo na masufuria yaliyotoboka, na chini ya kila mmoja kuna kitovu cha mtoto aliyezaliwa hapa.

“Mreno alitunyang'anya mashamba,” anasema Zainabo, na hafichi majivuno yake. “Lakini hakuna mtoto wa safu hii atakayesema hana kwao. Kwao wanatembea nako.”

Mariamo, mwenye miaka saba sasa, anauita mti wake “mdogo wangu,” na haruhusu mtu kuchuma ndimu bila kumuuliza.

Kuhusu Cassamo, habari ni moja tu. Katika mwezi wa Ramadhani, mpitanjia alisema amemwona upande wa Mueda, mzima, akichechemea. Baada ya hapo kimya.

Wiki iliyopita Zainabo alitembea hadi Quionga kuangalia kiwanja chao. Nyumba imekwisha, magugu yamejaa. Alifyeka, akachomeka kijiti mahali mti utakapokaa. Shimo hakuchimba.

“Shimo ni la baba,” anasema. “Akifika atachimba, Mariamo atavunja chungu, na mndimu utaingia ardhini na udongo wake. Ulale hapo, usihame tena.”

Na asipofika?

Zainabo anamtazama bintiye anayefagia majani. “Asipofika mpaka mvua ianze, nitachimba mwenyewe. Nitalia, lakini nitachimba. Mwanangu hatakosa kwao kwa sababu ya vita.”

Mwanamke wa tatu ameshahudumiwa na kuondoka. Umebaki mndimu wa Mariamo, na juu yake yametoka machipukizi mapya, marefu kuliko desturi. Binti anamletea mama yake kisu.

“Kirudishe jikoni, mwanangu, kikamenye muhogo,” Zainabo anamwambia. “Mwaka huu hatukati. Uache urefuke.”