Kesi ya Kuku

Shemeji yangu ni Mpare, mimi Mchaga, na makabila yetu ni watani, kwa hiyo tangu amwoe dada yangu hatujawahi kusalimiana kistaarabu. Mimi humkumbusha kwamba kwao mtu huuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Yeye hunijibu kwamba Mchaga hata akifa, angusha sarafu uone kama hatafufuka.

Dada alikuwa ameshahamia huku Malton, ughaibuni ninakoishi, anapanga mizigo kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege, akisubiri viza ya mumewe itoke. Mumewe alikuwa bado anapeleka tangawizi ya kwao Same mashariki mwa Kongo. Vita vilipofunga barabara, kazi yake ikawa kumuuliza kila aliyekutana naye njia ipi iko wazi. Mfanyabiashara huuliza hivyo. Mpelelezi pia. Wanajeshi wakamkamata.

Tulihangaika. Ofisi za hapa zilituambia kwa upole kwamba huyo si raia wao. Kanisani mama mmoja akatwambia tumwachie Mungu, nami nikakasirika, kwa sababu mume wake mwenyewe alikuwa amekaa pembeni yake anakula sambusa.

Hatimaye dereva mmoja wa malori alitupatia namba ya ofisa aliyemshikilia shemeji. Nikampigia, dada akiwa ubavuni kwangu. Nikamwita mheshimiwa, nikamwita afande, nikamwita mzee wangu. Akanikatiza.

"Kila mfungwa eko na ndugu wa kumlilia. Bon, sema naye. Kiswahili tu, nasikiliza."

Nikamsikia shemeji akikohoa. Maneno yote ya heshima niliyoyapanga yakanipotea, yakabaki yale niliyoyazoea.

"We Mpare! Kesi za kuku zimeisha Same hadi ukatafute ya vita?"

Dada akanifinya mkono nikaruka. Nilijua nimemuua.

"Nikishindwa hii," shemeji akasema taratibu, "nakata rufaa."

Ofisa akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka. "Huyu eko na shemeji wa kweli," akasema. "Ndugu wa kupangwa hawezi kutukana hivi."

Siku chache baadaye akamwachia, bila tangawizi yake.

Viza ilipotoka tulikwenda kumpokea. Dada alimkumbatia muda mrefu, watu wakitupita na masanduku yao, nami nikangoja zamu yangu. Utani nilikuwa nimeuandaa tangu nyumbani.

"Mpare, umeshinda kesi?"

Akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, akainamisha kichwa kama anayemsalimia baba mkwe.

"Ndiyo, shemeji. Asante sana."

Mpaka leo ananisalimia hivyo. Nikifika kwao namchokoza, naye ananivutia kiti, ananiuliza habari za kazi. Dada anasema nimpe muda, nami nampa. Lakini kila akiniheshimu naona uchungu, maana Mpare wangu bado hawajamwachia.