Mahari pa Chai

Kila asubuhi, kabla hata ya kusukutua mdomo, Kazimili alichukua kitambaa chenye maji, akavuka barabara pale Runazi, akaenda kufuta kibao cha Scholastika. Mwaka huo wa tisini na tano vumbi lilikuwa halisemeki. Tangu wakimbizi wajae Ngara, malori ya chakula yalipita kutwa nzima, na kibao kikiachwa siku mbili hujui kinatangaza chai au mbao. Alifuta herufi moja moja, taratibu, kama anamnawisha mtoto uso. Akimaliza alikaa kwenye benchi, Scholastika akamletea chai bila kuulizwa. Waliulizana habari za kuamka, basi.

Kibao hicho alikiandika yeye, miaka miwili kabla, wakati Scholastika anafungua mgahawa wake baada ya kufiwa na mume. Hakumtoza kitu. Wakati huo hapakuwa na fundi mwingine wa maandishi, na darasa la nne alilofikia lilimtosha. Alimtaka yule mama, kijiji kizima kilijua. Jioni alipanga maneno yote, asubuhi yakageuka habari za kuamka.

Ndipo mama yake akaugua huko Kibimba, akaenda kumuuguza mwezi mzima. Aliporudi alikuta kando ya barabara kuna vibao kama uyoga. Kinyozi, unga wa mhogo, viatu vya mitumba, vingine vimepigiliwa kwenye miti. Karibu vyote vilikuwa mkono wa mtu mmoja, Hategekimana, mkimbizi aliyekuwa akitoka kambini kutafuta vibarua. Herufi zake zilikuwa na kivuli, utadhani zimesimama zenyewe.

Na kwa Scholastika kulikuwa na kibao cha buluu, kimechorwa kikombe kinachotoa mvuke. Kazimili alisimama na kitambaa chake mkononi. Hapakuwa na cha kufuta.

Siku ile alikunywa chai bila kuisikia. Hategekimana alikuwa pale, anakula viazi, na Scholastika akamwongezea maharage. Kazimili aliona ule upawa wa pili. Yeye hakuwahi kupewa upawa wa pili.

Aliyemmaliza ni Anatoli, utingo wa lori, mtu wa maneno mengi. Alishuka, akakisoma kibao kwa sauti: Mahari pa Chai.

"Mnaona? Jamaa wa kambini ametangaza posa barabarani," alisema. "Na mahari yenyewe chai."

Benchi zima likacheka. Scholastika naye alicheka, akajiziba mdomo kwa khanga. Huku kwetu l na r hubadilishana viti mdomoni, na ukisema mahari watu wanajua umesema mahali, hakuna anayehangaika. Lakini kuanzia siku hiyo Kazimili alikisoma kibao kama Anatoli alivyokisoma. Kila akipita, aliona mkimbizi anaposa mbele ya magari, na yeye kazi yake ni kupigiwa honi apishe.

Mwezi haujaisha, Jovitus, mtendaji wa kata, akapata barua kutoka wilayani. Eneo la barabara ni mali ya umma. Kibao chochote kilichopigiliwa mtini, au kilichosimama pungufu ya hatua ishirini kutoka katikati ya barabara, king'olewe. Jovitus akampa Kazimili kazi hiyo, kwa kuwa alivijua vyote.

Siku tatu alifanya kwa haki. Alipima, akang'oa vya Hategekimana, akang'oa na viwili vyake mwenyewe vya zamani. Watu walinung'unika, lakini hakuna aliyesema ameonewa. Cha Scholastika alikiacha mpaka mwisho. Kilikuwa ng'ambo ya mtaro, na kila mtu alijua ni hatua ishirini na tatu.

Siku ya nne alisimama katikati ya barabara, jembe begani, Anatoli na watu wa benchi wakimtazama, akaanza kuhesabu. Mpaka mtaroni alitembea kama watu. Baada ya hapo alitanua miguu kama korongo anayevuka tope. Mguu ukagusa nguzo.

"Kumi na tisa," alisema.

Scholastika alikuwa mlangoni na birika mkononi. "Fundi, leo una miguu mirefu."

Kazimili alijibu kwamba ni amri ya mtendaji, bila kumtazama. Akachimba, akatikisa, akavuta. Kibao kikaanguka kifudifudi.

Upande wa nyuma hakukuwa na buluu. Palikuwa na maandishi ya penseli, ya mtu aliyekuwa anajaribu mkono kabla ya kushika brashi. MAHARI PA CHAI, mara tatu, na pembeni jina: KAZIMIRI.

Alichuchumaa. Alikisoma kidole kikifuata herufi zake mwenyewe.

"Kufuta kwako kila siku kulimaliza rangi," Scholastika alisema. "Nikamwomba Hategekimana apite juu ya herufi zako. Yeye alitaka kuweka l. Nikamkatalia, nikasema asibadilishe hata moja."

"Kwa nini?"

"Nilijua ni posa, mwenyewe unaona aibu kusema. Miaka miwili nangoja useme."

Kazimili alishika jembe, akasema atakisimamisha tena sasa hivi, shimo bado liko wazi. Scholastika akatikisa kichwa.

"Mwanamume akija mwenyewe kuchukua tena mahari yake mbele ya watu, anakuwa amesema nini?"

Benchini, hata Anatoli alikuwa anatazama viatu vyake. Kila mtu pale alijua mahari ikichukuliwa tena na aliyeitoa, ndoa haipo.

Scholastika alimimina chai, akaiweka kwenye benchi, mahali pale pale pa kila siku, akaingia ndani. Kazimili hakuigusa. Aliegemeza kibao ukutani, kikombe kikitazama barabara, akakifuta udongo kwa mkono wa shati, herufi moja moja. Jembe akaliacha chini. Kisha akatoka, akapita mlango wa nyumba yake bila kuingia, akashika njia ya Ngara kwa hatua zake za kawaida. Chai ilipoa, ikaingia vumbi. Hakurudi.